Tumekwenda Mnazi Mmoja kumtafutia mdogo wangu chuo, mwenyewe yuko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Baba mdogo anataka udaktari wa watu, binti kaandika wa mifugo

Suka_Mwisho (mleta mada):

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu wa kike amemaliza form six mwaka huu, PCB. Matokeo yametoka yeye akiwa Mafinga kwa mujibu wa sheria. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B, yaani Division One ya point 9. Ya mlangoni kabisa, ila One ni One, na ukoo wetu hatujawahi kuipata kwa form six. Simu zimeita mpaka chaji zikaisha.

Maonesho ya vyuo vikuu ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) mnajua huwa ni Julai, viwanja vya Mnazi Mmoja. Na Julai ndiyo wahusika wenyewe wako makambini wanapiga mchakamchaka. Ukipita mabandani unakuta wazazi, mashangazi na makaka kama mimi tumeshika matokeo ya watu ambao hawapo. Wa kwetu alituachia karatasi kabla hajaondoka. Kozi tano kwa mpangilio, ya kwanza kaipigia mstari mara mbili: Udaktari wa Mifugo, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro. Pembeni kaandika "Kaka usibadilishe".

Mama akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye pochi, kimya. Baba mdogo ndiye hakuweza kujizuia: "One yote hiyo, halafu akatibu mbuzi?"

Niwape hali ya nyumbani ili mshauri mkijua. Baba alishatangulia mbele ya haki. Baba mdogo ndiye aliyelipa ada tangu form one, na ndiye atakayeziba pengo kama mkopo hautatosha. Neno lake si la kupuuzwa. Mama ana kibanda cha supu huku Kimara, saa tisa usiku yuko macho anawasha moto.

Tukapanda mwendokasi, tukashukia Gerezani, tukatembea. Kufika, baba mdogo akawa anachukua kila kipeperushi anachopewa, hata cha chuo cha ualimu. Zogo la kwanza likazuka kwenye point. Banda moja kijana akatuambia kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni point 4. Baba mdogo akashtuka: "Nne? Wetu ana tisa, ina maana amekosa?" Kijana naye akaanza kuduwaa. Mwenye kujua kufafanua hili kwa lugha nyepesi atusaidie hapa chini, maana mimi nilimwambia tu "usijali baba" na hajaridhika mpaka leo.

Pili, tukadakwa na wakala wa vyuo vya nje ya nchi. Jina silitaji. Aliposikia PCB na Division One tu, viti vikavutwa, maji ya chupa yakaja. Udaktari wa binadamu, ada ya mwaka wa kwanza ilipwe mapema kwa dola ili nafasi isipotee, na mkopo wa Bodi ya Mikopo "mtapata tu". Baba mdogo macho yameshang'aa. Mama akauliza swali moja: "Mwanangu, hiyo hela risiti yake anaandika chuo au unaandika wewe?" Kijana akasema kampuni ndiyo inapokea kwa niaba ya chuo. Mama akanyanyuka, akashukuru kwa maji.

Sasa banda la SUA. Pale mezani palikuwa na chupa za vioo zenye vielelezo kwenye dawa. Moja ilikuwa na kipande cha ini, kimekatwa, ndani mna minyoo bapa kama majani madogo. Binti mmoja wa mwaka wa nne, koti jeupe, gamboti miguuni, alikuwa anaeleza watoto wa shule. Mama akasogea, akaishika ile chupa akaigeuza kwenye mwanga. "Hii naijua. Mwenye bucha akiniletea ini la hivi namrudishia." Binti akamuuliza analitambuaje. Mama akaeleza: linakuwa gumu, mishipa yake imekakamaa, kisu kikipita unasikia kama kinakwaruza mchanga. Yule binti akageuka kwa wenzake, akasema huyu mama angefaulu vitendo vya ukaguzi wa nyama.

Hapo mama akavuta kiti. Aliuliza maswali ambayo mimi na shahada yangu sikuyawaza. Hosteli mwaka wa kwanza mnapewa wote au mnagombania? Maji yanatoka ghorofani? Sahani ya wali maharage shilingi ngapi? Mtoto akifeli somo moja anarudia somo au anarudia mwaka? Darasani kwenu wasichana wangapi? Mnapokwenda field vijijini mnalala wapi, na nani anawapeleka? Waliomaliza juzi unawafahamu, wako wapi leo? Yule binti alijibu yote, na pale ambapo hakuwa na uhakika alisema hana uhakika, akatuelekeza kwa mwalimu wake aliyekuwa nyuma. Mama akaipenda hiyo kuliko majibu yenyewe.

Tumerudi nyumbani mama yuko upande wa binti yake. Baba mdogo bado. Anasema MD (udaktari wa binadamu) ni MD, hata mtaani watamwita daktari bila maswali.

Nawaomba: (1) mwenye uzoefu wa vet, yaani udaktari wa mifugo, aseme ukweli, mzuri na mbaya. (2) Hili la point. (3) Huyu wakala, baba mdogo kaondoka na namba yake ya simu.

---

Mama_Pacha:

Mama yako apewe banda lake mwenyewe pale Mnazi Mmoja. "Waulize Chuo, Ukumbi wa Mama Supu."

---

Mhandisi_Njaa:

Mkuu usidanganyike na chupa za vioo. Mimi nilienda maonesho hayohayo enzi zangu, nikaoneshwa roboti inatembea. Chuoni miaka minne sikuiona hata siku moja, nasikia ilikuwa ya mwanafunzi aliyeshamaliza. Vet ajira ziko wapi? Kila wilaya ina daktari wa mifugo mmoja na pikipiki mbovu. Aende MD.

---

Suka_Mwisho:

@Mhandisi_Njaa MD nao si tunawaona wanasota mtaani baada ya intern?

---

Mhandisi_Njaa:

Wanasota wakiwa na heshima 😂

---

Karani_Mstaafu:

Nijibu la point maana nimelifanyia kazi miaka mingi na kila msimu linawachanganya wazazi.

Kuna hesabu mbili na zinakwenda kinyume. NECTA (Baraza la Mitihani) wanapopanga divisheni, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Ndogo ndiyo nzuri, na Division One inaishia 9. TCU kwenye udahili wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapo kubwa ndiyo nzuri. Kwa hiyo kiwango cha chini cha point 4 maana yake ni jumla ya masomo mawili yanayohitajika kwa kozi husika, mfano D mbili.

Binti yenu kwa NECTA: 4+3+2 ni 9. Kwa TCU: 2+3+4 ni 9. Imegongana tu kwa bahati, ndiyo maana mzee kachanganyikiwa zaidi. Mwambie ajaribu na mtoto mwenye A tatu: NECTA ana 3, TCU ana 15. Ataelewa hapohapo.

Sasa lililo kubwa kuliko hilo. Sifa za chini zilizoandikwa kwenye mwongozo wa udahili si ahadi ya nafasi. Zinakuruhusu kuomba, basi. MD kwenye vyuo vya serikali wanaomba watoto wenye A na B tupu, na nafasi zina kikomo. Mwenye D ya Fizikia anaweza kuwa na sifa kwenye karatasi na asichaguliwe awamu ya kwanza wala ya pili. Mzee anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kulinganisha heshima ya mtaani.

---

Dada_wa_Ilala:

Jamani kwani siku hizi bado mnajaza TCU moja kwa moja kama zamani, kozi zote kwa pamoja?

---

Karani_Mstaafu:

Hapana. Ule mfumo wa pamoja wa TCU ulishaondolewa. Tangu 2017 unaomba kwenye chuo chenyewe, kila chuo na mfumo wake. TCU wanabaki na kusimamia, kutoa mwongozo na kuhakiki majina. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unapata namba ya siri kwa SMS ya kuthibitisha unakokwenda. Hapa ndipo watu wa JKT wanapata shida: namba ya simu iliyojazwa iwe ya mtu aliye nje na anayejua kusoma meseji zake. Wapo waliokosa vyuo kwa sababu laini ilikuwa kwenye begi kambini.

---

Suka_Mwisho:

Ahsante sana mzee. Namba itakuwa yangu. Ile ya A tatu nimemtumia baba mdogo, kajibu "ahaa".

---

Daktari_wa_Zizi:

Nimesoma SUA, ni vet, niko kazini Kanda ya Kaskazini. Nitasema ninavyojua.

Kozi ni miaka mitano, sawa na MD. Anayedhani ni njia ya mkato asubiri aone anatomia ya miaka ya mwanzo. Daktari wa watu anasoma mwili wa kiumbe mmoja. Wewe unasoma ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, mbwa, punda na kuku, na kila mmoja tumbo lake liko kivyake. Fizikia yake ya D isimtishe, humo ndani Baiolojia na Kemia ndizo zinazobeba. Ila awe tayari kuchafuka. Wapo waliokuja na kucha ndefu na manukato, siku ya kwanza ya kuingiza mkono kwa ng'ombe mpaka begani wakaomba kuhama kozi. Wengine walewale ndio leo mabingwa wa upasuaji.

Kazi. Mhandisi hajakosea kuhusu serikalini, ajira ni za kusubiri na wakati mwingine unasubiri sana. Lakini anaiona kazi ya vet kupitia dirisha moja. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kuna machinjio, na nyama haitoki bila mhuri wa mkaguzi. Kuna maabara za TVLA (wakala wa serikali wa maabara za mifugo), viwanda vya maziwa, kampuni za dawa na chanjo, hifadhi za wanyamapori, utafiti. Kuna mashamba ya kuku hapo Dar na Pwani ambako mfugaji akiamka akakuta kuku mia wamelala chini hapigi simu kwa MD. Na kuna mbwa wa Masaki na Mbezi Beach, hao wana bili kuliko binadamu wengi.

Kingine watu hawakitazami: magonjwa mengi makubwa ya watu yanaanzia kwa wanyama. Homa ya Bonde la Ufa ilipopiga 2006 na 2007, mimba za mbuzi na ng'ombe zilitangulia kuharibika kabla watu hawajaanza kulazwa. Kimeta huku kwetu hurudi mara kwa mara, mzoga unaliwa, wiki hiyohiyo zahanati inajaa. Kichaa cha mbwa unakizuia kwa kuchanja mbwa. Ndiyo hiyo Afya Moja mnayoisikia kwenye taarifa ya habari, vet na daktari wa watu meza moja.

Ubaya wake sasa. Mtaji wa kujiajiri si mdogo ukitaka kliniki ya maana. Lazima usajiliwe na Baraza la Veterinari kabla ya kugusa mnyama wa mtu kama daktari. Mtaani utashindana na muuza dawa wa duka la pembejeo anayechoma sindano bila cheti na mfugaji anamwamini kwa sababu ni jirani. Na wakwe watakuuliza "daktari wa nini?" maisha yako yote. Hilo la mwisho nimeshalizoea.

---

Mhandisi_Njaa:

Sawa daktari, bili ya mbwa imenikata maini. Naondoa hoja.

---

Mama_Pacha:

Mimi nina la kumwambia baba mdogo. Wangu tulimsukuma sheria kwa sababu babu yake alitaka wakili kwenye familia. Kasoma, kamaliza, cheti kakikabidhi kwa babu, leo anauza keki na anafurahi. Ada ile ningefungua bekari mbili.

---

Mtoto_wa_Kibokoni:

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu watoto hupangiwa vyuo na KUCCPS, idara ya serikali ya Kenya, kwa alama za masomo ya kozi yenyewe, lakini mgogoro wa nyumbani ni huuhuu. Mwambieni ami yenu kwamba zamani kabla Morogoro haijaanzisha, madaktari wa mifugo wa Tanzania walikuwa wakija kusomea Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu walivuka mpaka kuifuata kozi hiyo anayoidharau.

---

Mwenye_Mashaka:

Nirudi kwa wakala. Mimi ni mhanga, siyo wa huyo, wa mwingine. Kabla ya kutoa hata shilingi, mambo ni haya. Wakala anayepeleka wanafunzi nje anatakiwa atambulike TCU, kaulize palepale kwenye banda la TCU, wako hatua chache tu kutoka kwake. Mwanafunzi mwenyewe anatakiwa apate barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi kabla hajaondoka. Akirudi, shahada yake inapelekwa TCU kutambuliwa, na kama ni udaktari kuna Baraza la Madaktari Tanganyika linalotaka mitihani yake. Ukikuta chuo hakitambuliki, miaka sita imekwenda na maji.

Na mkopo wa Bodi kwa shahada ya kwanza ni wa vyuo vya humu nchini. Anayekwambia "mtapata tu" ukiwa unaenda nje, mwombe akuandikie hiyo sentensi na asaini.

---

Suka_Mwisho:

Nimempigia baba mdogo nikamsomea hii neno kwa neno. Kimya kirefu, halafu: "Mimi namba yake nilichukua kwa heshima tu." Haya.

---

Mpemba_Halisi:

Suala la mkopo lisisahauliwe, naona mumezama kwenye kozi. Kwa wa Bara, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Sie wa Visiwani tunakwenda ZCSRA, wakala wetu wa Zanzibar wa kazi hiyohiyo. Na kwa kuwa baba yenu ameshafariki, Mungu amrehemu, cheti chake cha kifo nacho kihakikiweni, kwani uyatima unaingia kwenye kupima uhitaji. Msikae mkasubiri binti atoke kambini ndipo muanze. Uhakiki huo ndio unaochukua muda, fomu yenyewe ni kazi ya siku moja. Wallahi nimeona mtoto ana A mbili, yatima, kakosa mkopo awamu ya kwanza kwa sababu ya cheti cha kifo.

Kwetu sie tuna na Bodi ya Zanzibar vilevile, wazee wakichanganya hizo mbili ndo balaa.

---

Dada_wa_Ilala:

@Mpemba_Halisi jina kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana herufi moja na la cheti cha form four je?

---

Mpemba_Halisi:

Lirekebishwe au kiapo cha mahakamani kiwepo. Herufi moja inatosha kukukwamisha. Mfumo hausomi huruma.

---

Suka_Mwisho:

Mrejesho wakuu, maana mmenisaidia sana.

Jumapili tumekaa kikao. Mama kaleta ini. Sio utani, kaleta ini bichi kutoka kibandani, zima na safi, akaliweka kwenye sinia mbele ya baba mdogo na kisu. Akamwambia akate, amwambie kama lina ugonjwa au halina. Baba mdogo akalitazama, akasema atajuaje. Mama akasema "Na wewe unakula kwangu kila Jumamosi." Basi likakaangwa, tukala.

Tumekubaliana hivi: SUA, udaktari wa mifugo chaguo la kwanza kama alivyoandika. MD tutaomba kwenye chuo kingine, kwa ajili ya baba mdogo, na akichaguliwa kote binti mwenyewe ndiye atakayethibitisha. Baba mdogo aliweka sharti moja tu, kwamba kabla ya kuthibitisha aongee naye yeye kwa simu. Nimeona ni haki yake.

Binti alipiga kutoka Mafinga kwa simu ya kuazima, dakika chache. Mama hakumuuliza baridi wala chakula. Alimuuliza: "Wewe uliona wapi hiyo kozi?" Akasema form five walipelekwa machinjioni kwa ziara ya Baiolojia, wenzake wakatoka nje kutapika, yeye akabaki na mkaguzi mpaka mwisho. Hakuwahi kutusimulia.

Swali langu la mwisho: fomu ya mkopo inataka sahihi yake, ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa na wa mwanasheria. Yeye yuko kambini. Inakuwaje?

---

Karani_Mstaafu:

Gawanyeni kazi. Wewe fungua akaunti kwenye mfumo wa Bodi kwa namba yake ya mtihani wa form four, lipia, jaza taarifa zote, pakia vyeti vilivyohakikiwa. Sehemu ya mdhamini, serikali ya mtaa na mwanasheria mnaimaliza huko Kimara. Inabaki sahihi yake tu. Miaka ya karibuni Bodi imekuwa ikituma maofisa makambini kuwaelekeza vijana, kwa hiyo aulize kwa afande wake kama wameshapita. Wasipopita, karatasi ya sahihi mnaipeleka au anaisaini akitoka, ilimradi dirisha halijafungwa. Usimsainie wewe.

---

Suka_Mwisho:

Baba mdogo alikuwa ameshashika kalamu.

---

Daktari_wa_Zizi:

Mkamate mkono. Na akipata SUA anitafute inbox, nina koti na atlasi ya anatomia ya ng'ombe nilivyotumia mimi. Gamboti anunue mwenyewe, zangu ni namba 44.